Ni Paka Tu

Katika lugha yetu ya Kiswahili sijaona neno dogo lenye madhara makubwa kama neno "tu". Lina herufi mbili. Halina umoja wala wingi, halinyambuliki, na katika sarufi niliyofundisha kwa miaka thelathini na minane tulilitia katika fungu la vielezi tukapita. Halina ubaya likikaa mahali pake; mtu akiulizwa hali akajibu "salama tu", amejibu vyema. Lakini liweke mwishoni mwa sentensi inayomtaja kiumbe mwenye shida, uone kazi yake. Aliyekuwa na wajibu wa kutenda jambo hulitamka, akaenda zake kwa amani.

Nataka kueleza jinsi neno hilo lilivyokaribia kumwua paka mdogo nyumbani kwangu mwaka 2023, na jinsi mimi mwenyewe nilivyolisaidia. Najua wako watakaosema kwamba mzee wa miaka sabini na zaidi, aliyewahi kuwa mkuu wa shule na kisha mkuu wa chuo cha ualimu, angeandika mambo ya elimu, si mambo ya paka. Nawaomba wavumilie. Haya ni mambo ya elimu.

Paka huyo aliletwa na mjukuu wangu wa kike anayekaa nami, wakati huo akiwa na umri wa miaka tisa. Alimwokota karibu na soko la samaki la mji wetu huu wa pwani, akamleta ndani ya mfuko wake wa madaftari. Alikuwa mweupe mwili mzima isipokuwa mkia, na mtoto akamwita Chaki, kwa heshima ya kazi ya babu yake. Alipotimiza miezi mitano nilifanya hesabu. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano. Hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili hivi, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Baada ya muda mfupi nyumba haitoshi, nami najua wanakokwenda paka wasiotoshea. Nimewahi kuona gunia limetupwa jaani, na gunia lile lilikuwa linasogea. Kwa hiyo nikaona ni heri Chaki atolewe kizazi angali mdogo, apone, aishi maisha yake.

Nikampeleka asubuhi kwa mtabibu wa wanyama. Sitamtaja, wala sitataja mahali pake, kwa kuwa sikusudii kumshitaki mtu mmoja kwa kosa la wengi. Nililipa shilingi 60,000, na sikuona kuwa ni nyingi. Jioni nikarudishiwa Chaki ndani ya boksi la sabuni, kichwa kizito kwa dawa ya usingizi, na tumboni ana mshono mdogo ulioshonwa kwa mkono stadi. Nikauliza, "Sasa nifanye nini?" Kijana aliyekuwa akifunga madirisha akanijibu kwa upole, "Hamna shida, mzee. Atakaa sawa. Ni paka tu."

Nikashukuru, nikaondoka. Angalia jambo hilo, ndugu msomaji: nilishukuru.

Usiku wa kwanza Chaki alitetemeka. Nilidhani ni hofu, kumbe ni baridi. Mwili mdogo uliopewa dawa ya usingizi hupoteza joto upesi, na paka mzima joto lake ni kubwa kuliko letu, kati ya nyuzi 38 na 39. Mjukuu wangu hakujua hesabu hiyo, lakini alikwenda sandukuni akatoa kanga ya marehemu bibi yake, akamfunika. Siku ya pili Chaki akala kidogo, akaanza kujilamba mshono. Sisi tukafurahi, tukasema ni usafi. Lakini ulimi wa paka una miiba midogo, ndiyo maana ukikugusa mkononi hukwaruza kama msasa. Ulimi wa namna hiyo ukipita juu ya nyuzi kutwa kucha, nyuzi haziwezi kustahimili. Siku ya tatu pale penye mshono pakavimba, pakawa pekundu na pa moto. Siku ya nne nyuzi mbili zikaachia, maji yenye harufu yakaanza kutoka, naye akaacha kula, akajificha chini ya kabati la vitabu.

Nilipiga simu kule nilikompeleka. Nikaambiwa, tena kwa adabu, kwamba paka ana roho ngumu, atajilamba atapona. Jirani mmoja akanishauri nimsafishe kwa ile dawa ya kuulia vijidudu inayogeuka kuwa nyeupe kama maziwa ikitiwa majini. Namshukuru Mungu kwamba haikuwapo nyumbani, kwa maana baadaye niliambiwa kuwa hiyo ni sumu kwa paka, ambaye kila unachompaka mwilini atakilamba. Jirani mwingine alicheka. "Mwalimu," akasema, "mtupe huyo, sokoni wamejaa. Ni paka tu."

Nilimkasirikia jirani huyo. Kumbe mimi nilikuwa na kosa kubwa kuliko lake, na sasa nalieleza bila kulipunguza.

Jioni ile nilikwenda duka la dawa. Mbele yangu walikuwapo watu wanne au watano, wengi wao wakiwa wazazi wa watoto niliowafundisha. Zamu yangu ilipofika, binti muuzaji akaniamkia, akauliza, "Una tatizo gani, babu?" Nikaona aibu. Mzee mzima, mkuu wa chuo mstaafu, nisimame mbele ya watu niseme nimekuja kumtafutia paka dawa? Nikasema, "Nina mgonjwa mdogo nyumbani. Ana homa na maumivu." Akauliza umri. Nikajibu, "Miezi mitano." Sikusema uongo, na hilo lilinifurahisha. Akanipa chupa ya parasetamoli ya maji, ile ya watoto, akanionyesha kipimo. Nyumbani, saa mbili usiku, nikampa Chaki nusu ya kipimo hicho, kwa kuwa paka ni mdogo kuliko mtoto. Nikajiona nimetumia akili.

Saa saba usiku mjukuu wangu aliniamsha. Chaki alikuwa anahema kwa shida, uso umeanza kuumuka. Nikamfunua mdomo chini ya taa. Ufizi wake, uliokuwa na rangi ya waridi, ulikuwa na rangi ya tope.

Yuko mwanafunzi wangu wa shule ya msingi, niliyemfundisha hesabu katika miaka ya 1980, ambaye alisomea utabibu wa mifugo na kufanya kazi hiyo hata akakaribia kustaafu. Kazi yake ni ng'ombe wa maziwa na mbuzi. Paka hatibu sana. Nilimpigia simu usiku huohuo, naye akaja kwa pikipiki yake kabla hakujapambazuka. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Akapiga magoti sakafuni, akaangalia ufizi, akaangalia kidonda, kisha akaniuliza, "Mwalimu, umempa nini?"

Nikanyamaza.

Nimekaa katika vikao vya nidhamu visivyohesabika. Nimewauliza watoto na watu wazima swali kama hilo, nikawangoja wajibu, na waliponyamaza nikawahubiria kwamba ukweli haumwui mtu. Sasa nilikuwa nimeulizwa mimi, na aliyeuliza ni mtoto niliyemfundisha kujumlisha. Sijui ningekaa kimya kwa muda gani. Mjukuu wangu ndiye aliyejibu: "Babu amempa dawa ya maji ya dukani." Akaenda akaileta chupa.

Yule bwana hakunigombeza. Alinifundisha, kama nilivyopaswa kufundishwa siku nne kabla. Alisema ini la mwanadamu lina uwezo wa kuivunja parasetamoli ikatoka mwilini, lakini ini la paka halina uwezo huo wa kutosha. Mabaki ya dawa hugeuka sumu inayoshambulia damu, na damu ikisha kuharibika haibebi hewa; ndiyo maana ufizi hugeuka rangi na mnyama huhema. Kidonge kimoja kinachompunguzia mtu kichwa kumuuma kinatosha kumwua paka mzima. Dawa nyingine za maumivu tunazozimeza kila siku nazo ni hatari kwake. Akataja dawa inayopinga sumu hiyo, inayoitwa asetilisisteini, ambayo hata binadamu aliyezidisha parasetamoli hupewa hospitalini. Kulipopambazuka tukaitafuta katika maduka makubwa ya dawa, tukaipata katika duka la tatu. Alipiga hesabu yake kwa uzito wa Chaki, akampa. Sitaji vipimo, maana sitaki msomaji afanye nilivyofanya mimi, akawa daktari kwa kusoma ukurasa mmoja.

Saa kumi jioni ufizi ulianza kurudi rangi yake. Ndipo akashughulikia kidonda. Tulikuwa na bahati, maana nyuzi zilizoachia zilikuwa za juu, ule mshono wa ndani ulikuwa bado unashika. Lau ungeachia, utumbo ungetoka nje. Alikisafisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, akampiga sindano ya kuzuia usaha, na akaja kila jioni kwa siku tano. Akaniambia nimtengenezee kizuizi cha shingoni ili asiufikie mshono. Nikatoa karatasi ya manila iliyobaki tangu enzi za zana za kufundishia, nikakata, nikaviringisha, nikagundisha. Chaki akailowesha ndani ya nusu saa. Nikakata dumu la mafuta ya kula, nikazungushia kitambaa ukingoni lisimkate, nalo likafaa. Tulimlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano yake, mchuzi wa samaki usio na chumvi wala kitunguu, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili. Nikafungua daftari kama lile la mahudhurio, nikaandika: saa ngapi amekula, saa ngapi amekojoa, ufizi una rangi gani, kidonda kikoje. Siku ya tatu tangu sumu ile, alikula dagaa mwenyewe. Nimepata kuwaona vijana wakifaulu mitihani mikubwa nikafurahi kidogo kuliko nilivyofurahi asubuhi ile.

Kabla hajaondoka siku ya mwisho, mwanafunzi wangu alichana karatasi moja kwenye daftari la mjukuu wangu, akaandika mistari saba. Nimeihifadhi. Inasema mgonjwa awekwe mahali pakavu na penye joto, chini, asiruke. Inasema asiachwe alambe mshono hata akilia. Mshono uangaliwe asubuhi na jioni, usiloweshwe wala usipakwe kitu. Asipokula kwa siku nzima, nimwite. Ufizi ukipauka au kugeuka rangi, pumzi zikienda mbio, mshono ukitoa maji au kufumuka, nisingoje asubuhi. Nisimpe dawa yoyote ya binadamu. Mshono wa kawaida hutolewa nyuzi baada ya siku 10 hadi 14. Chini yake akaandika nambari yake ya simu. Kazi hiyo ilimchukua dakika tano na karatasi moja.

Basi hoja yangu ni hii. Upasuaji hauishi pale uzi unapokatwa. Unakwisha siku kidonda kinapofunga. Katikati hapo kazi huhamia mikononi mwa mtu mwingine, naye mara nyingi ni mtu asiyejua kitu: babu, mama, mtoto wa miaka tisa. Anayemkabidhi mgonjwa bila kumwambia mpokeaji la kufanya amefanya nusu ya kazi na amelipwa yote. Ustadi wa mkono wake hauwezi kuwa udhuru. Mshono wa Chaki ulikuwa mzuri sana, ulifumuka kwa kukosa maneno manne: "Usimwache alambe mshono wake."

Najua majibu yatakayotolewa, na nitayashika moja moja.

La kwanza ni hili: nchi ambayo watu wake wengine hawapati dawa, wewe unahangaika na paka? Jibu hili lina uzito, nami silidharau. Lakini walitazame vizuri wanaolitoa. Mimi sidai hospitali ya paka, wala sidai senti moja itolewe katika dawa za watu. Naidai karatasi na dakika tano. Hakuna mgonjwa atakayekosa kitanda kwa sababu Chaki kapewa karatasi. Tena wanaosema hivyo kuhusu paka, niwaulize, je, hao watu wanaowasemea wanapewa hiyo karatasi?

Mwaka 1998 marehemu mke wangu alipasuliwa katika hospitali ambayo nayo sitaitaja. Siku ya tano tukaruhusiwa, tukapewa karatasi yenye mwandiko ambao mimi, niliyesahihisha madaftari ya watoto kwa maelfu, sikuweza kuusoma. Nikauliza. Muuguzi aliyekuwa na haraka, na wagonjwa wengi wanamngoja, akanijibu, "Ni kidonda tu, Mwalimu. Kitapona." Sikuuliza mara ya pili, niliona aibu mkuu wa shule aonekane hajui kusoma. Usiku wa tatu homa ikapanda. Mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa mkunga mstaafu, alipoingia chumbani alijua kwa harufu kabla hajafunua shuka. Tulirudi hospitali alfajiri, tukakaa huko miezi miwili. Mke wangu alipona, akaishi hadi mwaka 2016, akafa kwa maradhi mengine, wala hakunilaumu hata siku moja. Lakini ile kanga aliyofunikwa Chaki ndiyo aliyojitanda siku tuliyorudi hospitali, na nilipoiona sakafuni nikajua kwamba kwa miaka ishirini na mitano sikujifunza chochote. "Ni kidonda tu." "Ni paka tu." Sentensi ni ileile.

Kwa hiyo nawakatalia wale wasemao kuwa huruma kwa mnyama inampunguzia binadamu. Huruma si unga wa debe, ukimpa huyu unapungukiwa kwa yule. Ni tabia, na tabia hujengwa kwa vitu vidogo. Kijana aliyezoea kufunga madirisha huku akisema "ni paka tu" ana mdomo uliokwisha kuzoea. Ukimhamishia kwa watu, neno lile atakwenda nalo.

Jibu la pili husema kwamba kutunza paka ni mambo ya Wazungu. Hili ni jibu la mtu asiyeujua mwambao wake. Nenda Lamu uone paka wanavyotembea vichochoroni kama wenye mji. Majirani zangu Waislamu wanamjua Abu Huraira, sahaba wa Mtume, ambaye jina lake hilo lina maana ya baba wa paka mdogo. Na wanakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa na Mungu kwa kumfungia paka bila kumlisha. Wala urafiki huu si wa jana. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba wamegundua katika kisiwa cha Cyprus kaburi la mtu wa miaka kama 9,500 iliyopita, na karibu naye amezikwa paka. Tangu binadamu aweke nafaka ghalani na panya waifuate, paka amekuwa kazini. Ameajiriwa muda mrefu kuliko mwalimu.

Jibu la tatu husema hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuhangaika hivyo. Tunayo Sheria ya Veterinari, Namba 16 ya mwaka 2003, iliyoweka Baraza la kuwasimamia watabibu wa wanyama, na tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Hazikutungwa kwa ajili ya ng'ombe peke yake kwa sababu ng'ombe ana bei. Lakini hata kama zisingekuwapo, mimi sikuhitaji sheria ya Bunge kujua kwamba aliyepokea shilingi 60,000 zangu alinidai kitu kimoja, nami nilimdai kitu kimoja, na mmoja wetu hakulipa.

Sasa nirudi darasani, kwa kuwa ndiko nilikotoka. Neno hili "tu" nilipambana nalo kazini maisha yangu yote. Katika shule nyingi, mwalimu aliyeonekana dhaifu kuliko wote alipewa darasa la kwanza, kwa hoja kwamba "ni darasa la kwanza tu", kana kwamba msingi wa nyumba unajengwa na yeyote na paa ndilo linalohitaji fundi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipotaka watoto wote waingie shule ifikapo mwaka 1977, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifunzwa haraka wakapewa chaki. Watu wakawacheka: "Ni mwalimu wa UPE tu." Nilifanya kazi na vijana hao. Waliopewa maelekezo yaliyoandikwa, wakafuatwa, wakaulizwa, wengi wao walikuwa walimu wazuri. Walioachwa na dharau waliharibikiwa, na watoto wakaharibikiwa pamoja nao. Kisha tukasema, "Mnaona?"

Chuoni niliwaambia walimu wanafunzi kwamba somo haliishi kengele ikilia. Linaisha pale mtoto wa nyuma kabisa anapoweza kulirudia kwa maneno yake. Uliza, umsikilize, na kama hawezi, kosa si lake. Natamani kanuni hiyo ibandikwe katika kila mlango ambamo mgonjwa hutoka, awe na miguu miwili au minne. Msimwulize mzee, "Umeelewa?" kwa sababu mzee atajibu "Ndiyo" kwa heshima tu. Mwambieni, "Hebu nieleze, ukifika nyumbani utafanya nini?"

Nanyi mnaopokea wagonjwa, wenzangu, msidhani nimewasahau. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi tumelifundisha hilo kwa watoto huku wenyewe tukilikimbia. Mimi nilishukuru pale nilipopaswa kuuliza mara ya pili. Dukani nilificha pale nilipopaswa kusema. Na nilipoulizwa usiku ule, nilinyamaza. Binti wa dukani hana kosa; angesikia neno "paka" huenda angeuliza, huenda angekataa kuniuzia. Aibu yangu ndiyo iliyomzuia. Na hiyo aibu ilikuwa nini kama si neno lilelile? Niliona haya kusema "nina paka mgonjwa" kwa sababu moyoni mwangu nami nilikuwa namwita paka tu. Jirani yangu alilitamka neno hilo mbele ya watu. Mimi nililificha, na lililofichwa ndilo lililompa sumu.

Hivi niandikapo, Chaki yuko dirishani. Ana kovu refu kuliko lilivyotakiwa kuwa, na manyoya ya hapo yameota yakienda upande. Mjukuu wangu sasa yuko sekondari. Ile karatasi ya mistari saba niliinakili kwa mwandiko wa ubaoni, nikatoa nakala mia moja kwa gharama yangu, nikazipeleka kule kulikomshona Chaki. Nilimkuta kijana yuleyule. Nilimwomba ampe nakala moja kila atakayemchukua mgonjwa wake. Alizipokea kwa mikono miwili, akazisoma, akacheka kidogo, akasema, "Sawa, mzee, ni karatasi tu."

Nikamwambia, "Soma tena."